Jiwe la baba yako

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza kaburi la baba tuliandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kwa sababu wajukuu hawatajua kusoma Kiswahili. Kuhusu wajukuu, wewe ndiye unayewalea, kesi hiyo usiniletee mimi.

Kuhusu jiwe, nina la kukuambia. Unakumbuka akina mama wa kanisani walivyonipeleka kwenye makumbusho ya Frazier hapa Louisville? Mle niliona jiwe la kaburi la Wajerumani, na tangu siku ile halijanitoka.

Tarehe 17 Desemba 1861, Rowlett's Station, huku huku Kentucky, katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, kikosi cha 32 cha jimbo la Indiana kilipigana na wapanda farasi wa Texas. Kilikuwa kikosi cha Wajerumani. Kamanda wao, August Willich, aliwahi kuwa ofisa wa jeshi la Prussia, ufalme wa Wajerumani, akakimbia kwao baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa. Mkimbizi kama sisi, na amri alizitoa kwa Kijerumani. Walipozika wenzao, askari wa kawaida aitwaye August Bloedner hakungoja serikali. Alichukua jiwe la chokaa la pale pale, akachonga tai, bendera na mizinga, na chini yake majina ya marehemu, siku walizozaliwa na kwao walikotoka. Yote Kijerumani. Wanasema ndilo jiwe la ukumbusho la vita ile lililo kongwe kuliko yote yaliyobaki.

Mwaka 1867 likahamishiwa makaburi ya Cave Hill, hapa Louisville, pamoja na miili, likawekwa juu ya msingi mpya wenye maneno ya Kiingereza. Sasa sikiliza. Bloedner aliwaita wenzake mashahidi, yaani waliojitoa kufa kwa walichokiamini. Kiingereza cha msingini kikawaita wahanga, yaani waliopatwa tu na maafa. Mimi sikusoma sana, lakini najua hayo si neno moja.

Mwaka 2008 waliliondoa makaburini kwa sababu lilikuwa linabomoka, na 2011 wakasimamisha jipya mahali pake. Lile la zamani, maandishi mengi yamebanduka kama chokaa ya ukuta wenye unyevu. Lakini kilichoyala ni maji, si Kijerumani.

Kwa hiyo fundi akikutajia jiwe laini la bei nafuu, mkatalie. Mwambie tunataka graniti, hata kama tutalipa kidogo kidogo. Maneno yawe Kiswahili. Ukitaka Kiingereza, kikae chini, kwa herufi ndogo. Andika kwamba alizaliwa Fizi, kule Kongo, na herufi za jina hilo uzikague mwenyewe kabla fundi hajachonga, maana kwenye karatasi zetu wameliandika kila namna.

Na ile 1 Januari tuliyoandikiwa sote kambini kuwa siku ya kuzaliwa, usiiweke. Bibi yako alisema alimzaa wakati wa mvua, siku hakuikariri. Andika mwaka peke yake.

Mama yako