Jibu: Kupanda Tiger Moth (ndege ndogo ya zamani yenye mabawa mawili, la juu na la chini) na rafiki rubani hapa Dodoma

Mkuu, umeuliza kama saa tisa alasiri inafaa kwenda kupiga vitanzi (ndege kuzunguka duara la wima angani) na rafiki yako. Chagueni asubuhi, saa moja hadi saa tatu. Uwanja wa Dodoma uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi kama ya mita 1,900, na injini ya ndege hii, Gipsy Major yenye nguvu farasi 130 tu, huishiwa pumzi. Mchana kuna vimbunga vya vumbi pia.

Wewe utakaa kiti cha mbele, rubani nyuma. Toa kila kitu mfukoni: sarafu moja ikidondoka sakafuni inaweza kukwamisha usukani, na hilo linaua. Ukipanda, kanyaga palipoimarishwa tu, maana bawa ni mbao na kitambaa. Kaza kwanza mkanda wa kiunoni, kisha wa mabegani. Miguu mbali na pedali.

Kwenye kitanzi uzito wako utakuwa kama mara tatu. Kaza mapaja na tumbo kabla ndege haijainuka, endelea kupumua. Pale juu, kitanzi kikiwa cha polepole, injini inaweza kukohoa: petroli hushuka yenyewe kutoka tangi la bawa la juu, ikielea, kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) huikosa. Itarudi.

Kula kidogo, usiende tumbo tupu. Kichefuchefu kikianza, tazama upeo wa macho na mwambie rubani mapema. Dakika 15 zinatosha, na ule upepo usoni mkiwa mmepinduka juu ya tambarare za Ugogo ni raha tupu!