Kutathmini athari za bomba la mafuta kwa makazi ya wanyama: uanzie wapi?

Mdogo wangu, umesema uko Nairobi, umepewa kipande cha bomba linalopita nyika za Athi-Kapiti, na msimamizi anataka ripoti baada ya ziara moja ya Agosti. Kataa, kwa adabu. Agosti ni kiangazi. Nyumbu na punda milia hawatumii eneo hilo kama wanavyolitumia mvua za masika zinapootesha majani. Nenda misimu yote miwili, la sivyo utapima nusu ya ukweli.

Kabla ya kuweka kamera za kunasa picha za wanyama, kaa na wachungaji wa Kimaasai. Wao wanajua wanyama wanapovukia, na wapi fisi ana pango.

Wengi huandika kurasa nyingi kuhusu bomba lenyewe, ambalo likishafukiwa halimzuii swala. Mimi ningetazama mtaro unaochimbwa ili bomba lilazwe. Ukiachwa wazi usiku, asubuhi utakuta kobe, nyoka, hata ndama wa swala humo ndani. Dai njia za mteremko za kutokea, na mtaro ukaguliwe kila alfajiri. Kisha barabara ya ukaguzi: hiyo hubaki miaka, na wachoma mkaa na wawindaji huifuata.

Uvujaji usiuweke mwisho. Thange, Makueni, mwaka 2015, mafuta yaliingia kwenye udongo na maji. Chora kila mto na kisima kilicho chini ya mteremko wa bomba.

Na ripoti ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, lazima itiwe sahihi na mtaalamu aliyesajiliwa. Mtafute sasa, si siku ya mwisho.