Kuacha Panga Rahisi, Kuaminiwa na Mtaa Ndiyo Kazi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tandale alinitumia ujumbe usiku wa manane: "Braza, nimechoka na haya maisha, nataka kutoka. Nianzie wapi?" Nilimpigia tukaongea, ila mengine nayaandika hapa maana najua hayuko peke yake. Na sitaficha, nilijisikia vizuri kwamba mtu aliyemtafuta ni mimi. Kuna watu Manzese walishaapa kwamba sitafika miaka ishirini na tano.

Msiokulia Dar mnaijua Panya Road kwa habari tu. Kabla yake tuliwasikia Mbwa Mwitu, na kabla ya hao Komando Yosso. Majina yanabadilika, kazi ile ile: kundi la watoto linaingia mtaa na mapanga, linapora simu na televisheni, anayebisha anakatwa. Mimi niliingia kupitia chipsi. Nilimaliza darasa la saba sina pa kwenda, maskani ilikuwa nyuma ya banda la video, na wakubwa pale walikuwa wananunulia kila mtu. Ukishakula, unaambiwa kasimame pale kona, ukiona difenda ya polisi piga mluzi. Hapo umeshaajiriwa, bado hujajua tu.

Miaka ya katikati naruka. Bangi, vigodoro, kulala mahabusu, kutoka, kurudi kule kule. Haina la kujifunza.

Kilichonitoa ni mazishi. Mwenzetu alikamatwa na wananchi, na wananchi wa Dar wakikukamata mnajua kinachofuata. Tulivyotoka makaburini hoja ilikuwa moja, kulipiza. Wakubwa wangu mnakumbuka Januari 2015, jiji zima lilitaharuki, maduka yakafungwa, watu wakakimbia hovyo, na mwanzo wake ulikuwa vijana waliotoka kumzika mwenzao. Na sisi tulikuwa hivyo hivyo. Pale uani kulikuwa na dogo anainoa panga kwenye ukingo wa karo, anamwagia maji, ananoa, anaijaribu kwa kidole gumba. Juu fulana, chini kaptula ya shule. Nikamuuliza, unamjua marehemu? Akasema hapana. Anakwenda kuua kwa ajili ya mtu asiyemjua! Nikaondoka kama naenda chooni, sikurudi.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: ondoka kijiweni. Usiage, usielezee, usiseme "nitakuja mara moja moja kuwasalimia". Ondoka.

Pili, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na usiende peke yako, nenda na mtu mzima anayeheshimika. Mimi nilikwenda na mama mdogo. Mwenyekiti alitusikiliza mlango ukiwa wazi na mgambo amesimama kizingitini, kisha akasema: mvua zinakuja, mifereji imeziba, kesho uanze nayo. Niliumia sana. Nilidhani nitapongezwa. Leo namshukuru, kwa sababu mtaa mzima ulinipita nikiwa ndani ya mfereji na koleo, na hakuna hotuba ingenifanyia kazi ile.

Hapa ndipo wengi wanakwama. Unaacha, halafu unategemea watu wajue umeacha. Watajuaje? Kulikuwa na mama muuza vitumbua jirani na kituo, mwanawe tuliwahi kumpora. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, ananiitikia "marahaba" huku mkono unavuta kopo la hela chini ya kanga. Kila asubuhi. Sikumlaumu, na wala sikuacha kumsalimia. Ilipita mvua, ikapita nyingine, mpaka siku moja akakosa chenji, akanyanyuka, akasema, "Baba, niangalizie karai hili," akaenda dukani. Kopo kaliacha pale pale. Vyeti vya semina ninavyo, lakini kwa heshima nahesabu hicho.

Na semina nazijua. Kuna shirika lilinichukua likanizungusha kwenye mahoteli ya Posta, nasimama mbele ya watu wenye tai, navua shati naonyesha kovu, wanapiga makofi, napewa nauli. Picha yangu ipo kwenye kalenda yao. Mimi hata kalenda sikupata. Vijana, kovu lako usilifanye biashara, maana siku watakayopata mwenye kovu kubwa zaidi simu yako haitapokelewa.

Kazi ya amani yenyewe haina kipaza sauti. Ni kuamshwa usiku kwamba kuna dogo kakamatwa na simu, watu wameshaleta tairi, na wewe unasimama katikati unabishana mpaka polisi wafike. Ni kukaa na vijana usiku wa kuamkia mazishi ili asitoke hata mmoja. Polisi wanakuona mhalifu mstaafu, masela wanasema umewachoma kwa polisi. Septemba 2022, mwanafunzi wa chuo alipouawa kule Kawe na siku chache baadaye polisi wakatangaza kuwaua watuhumiwa sita, mimi nilikuwa nimeacha zamani, lakini kwenye mwendokasi jirani yangu mmoja alinyanyuka akahamia kiti kingine. Bado naliwaza lile.

Kule Chicago kuna daktari, Gary Slutkin, aliyewahi kupambana na magonjwa ya kuambukiza Somalia. Aliporudi kwao akaona mauaji yanasambaa kama kipindupindu, mmoja anamwambukiza mwingine kisasi. Mwaka 2000 mpango wake ukaanza, na ukaja kuwatumia watu waliopitia mitaa ile ile kuzima visasi mapema. Nikisoma habari zake najisemea, huyu bwana anazungumzia uani kwetu. Mtu wa semina hawezi kuingia pale. Mimi naingia.

Kuhusu riziki, maana amani na njaa haviishi chumba kimoja: halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 vijana, 4 wanawake, 2 watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudi 2024. Inataka kikundi kilichosajiliwa, na barua zinapitia serikali ya mtaa. Umeona sasa kwa nini nilikutuma kwa mwenyekiti? Mimi nilijifunza kuchomelea mageti, mikono imejaa alama za cheche, na jioni nina hela ambayo hakuna anayeililia. Ondoka kijiweni. Narudia kwa sababu najua hujaondoka.

Nyie wazazi nanyi msijifanye mnasoma ya wengine. Mtoto hana kazi, analeta nyumbani simu ya laki tano, hujauliza imetoka wapi, unamwomba akurushie bando. Anatoka saa tano usiku, unafunga mlango unalala. Difenda ikija unajigaragaza barazani unalia kwamba mwanao ni mtoto wa msikitini, na televisheni ya watu iko sebuleni kwako, inaonyesha taarifa ya habari.