Tambi na samaki wa kopo: kwa nini mchuzi unajitenga na samaki anasagika

SWALI: Habari za kazi, mpishi. Siku za wiki nafika nyumbani saa moja jioni na mezani tuko wanne, kwa hiyo mara nyingi napika spageti na tuna wa kopo. Nakaanga vitunguu, naweka tuna, nyanya, hoho na karoti, nafunika ichemke robo saa, kisha namwagia juu ya tambi nilizochuja na kuzisuuza kwa maji baridi. Tuna anasagika na kuwa mkavu, mafuta yanaelea juu, chini ya sahani kunabaki maji mekundu, na tambi zinagandana. Watoto wanalalamikia shombo. Nikitumia samaki wa kopo wa nyanya ndiyo kabisa, inakuwa uji. Nakosea wapi? Nina jiko la gesi la plati mbili. Na je, tui la nazi linafaa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama, dada. Vitu viwili ndivyo vinavyokuharibia chakula: unampika samaki ambaye ameshaiva, na unazisuuza tambi.

Tuanze na samaki. Huyu hupikwa kiwandani akiwa ndani ya kopo lililokwisha kufungwa, kwa moto wa nyuzi 116 hadi 121 hivi za Selsiasi. Moto huo unauzidi ule wa maji yanayochemka, ndiyo maana hata miiba ya sadini hulainika hadi kutafunika. Unapofungua kopo hakuna kilichobaki cha kuivisha. Robo saa unayoiongeza jikoni inakamua tu unyevu uliobaki kwenye nyama. Nyuzi za tuna zinaachana, zinakauka, na hizo ndizo chenga unazozisikia mdomoni. Vibua na sadini wa nyanya ni laini zaidi. Hao mizunguko mitatu ya mwiko juu ya moto inatosha kuwafanya uji. Kwa hiyo mchuzi uive kabisa bila samaki, na samaki aingie mwisho, moto umeshazimwa, apate joto tu.

Shombo nayo imo humo humo. Harufu hiyo hutokana hasa na kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo hupaa kirahisi na mvuke, na ukiichemsha muda mrefu unaisambaza nyumba nzima. Asidi ya ndimu huigeuza kuwa chumvi isiyopaa, na ndiyo sababu Pwani ndimu na samaki hawaachani. Ikamulie mwishoni. Ndimu iliyochemshwa inabaki na uchachu bila ile harufu yake nzuri.

Sasa tambi. Tambi zinapochemka huacha wanga, mwingine ukibaki juu yake na mwingine ukiyeyukia kwenye maji. Wanga huo ndio gundi inayoshikanisha mafuta, maji ya nyanya na tambi kuwa kitu kimoja. Ukizisuuza umeuosha, na ukimwaga maji yote kwenye sinki umetupa uliobaki. Tumezoea kwamba nyanya zikiiva mafuta hujitenga pembeni, na kwa mchuzi wa kulia wali au ugali hiyo ni dalili nzuri. Kwa tambi unahitaji hatua moja zaidi, ya kuyarudisha yale mafuta ndani, na kazi hiyo hufanywa na maji ya tambi pamoja na kugeuza kwa nguvu juu ya moto mkali.

Kwa watu wanne chukua paketi ya tambi ya gramu 400; makopo mawili ya tuna ya gramu 170 hivi; kitunguu maji kikubwa kimoja; punje nne za kitunguu saumu; nyanya mbivu nne za wastani (gramu 400 hivi); kijiko kimoja cha mezani cha nyanya ya kopo; ndimu moja; pilipili upendayo; na fungu dogo la kotmiri. Mafuta ni vijiko vinne vya mezani kama tuna ni wa maji ya chumvi, viwili tu kama ni wa mafuta. Hapo ndipo mafuta mengi yanayoelea huanzia: mtu anakaangia mafuta ya kutosha, halafu anamimina na yale ya makopo mawili.

Ukiingia tu jikoni bandika maji lita mbili na nusu, yafunike, plati kubwa. Kanuni ya Waitaliano ni lita moja ya maji na gramu 10 za chumvi kwa kila gramu 100 za tambi, lakini sufuria nyingi za nyumbani hazibebi lita nne vizuri, na gesi si ya kuchezea. Lita mbili na nusu zinatosha mradi ukoroge, na faida yake ni kwamba wanga unakuwa mzito zaidi. Chumvi iwe kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa, usizidishe, kwa sababu samaki wa kopo naye ana chumvi yake.

Maji yakiwa jikoni, plati ya pili weka kikaango kipana au sufuria pana, pana kiasi cha kupokea tambi zote baadaye. Kaanga kitunguu maji moto wa wastani dakika sita au saba, kilainike bila kuungua. Karoti, ukiitaka, ikwaruze na uikaange hapa pamoja na kitunguu. Hoho naishauri usiiweke, inaongeza maji na kuugeuza mchuzi kuwa wa mboga. Tia kitunguu saumu kilichokatwa vipande vyembamba, dakika moja tu, maana kikishakuwa kahawia kinakuwa kichungu na hakuna kitu cha kukiokoa. Kisha nyanya ya kopo, ikaange dakika moja hadi mbili mpaka wekundu wake ukolee na ile harufu mbichi iishe. Mwisho nyanya mbivu: zikate katikati, zikwaruze kwenye greta upande wa nyama, ganda libaki mkononi. Njia hii inaokoa muda na unakuwa huna maganda yanayoviringika kwenye mchuzi. Ziache wazi zichemke dakika nane. Usifunike. Ukifunika, mvuke unarudi, na hayo ndiyo maji mekundu unayoyakuta chini ya sahani. Nyanya zimeiva ukipitisha mwiko katikati na njia ikabaki wazi kitambo kabla ya kujifunga. Zikiwa bado chachu, ziongezee dakika mbili tatu kabla hujakimbilia sukari.

Tambi tumbukiza maji yakiwa yanatokota kweli, na ukoroge dakika mbili za mwanzo bila kuondoka. Kugandana huanza hapo, wakati wanga wa juu unanata na tambi bado zimelala pamoja. Mafuta kwenye maji hayasaidii: yanaelea tu, na yakishika tambi wakati wa kuchuja yanazuia mchuzi usishike. Kuzivunja katikati si dhambi kama sufuria ni fupi, afadhali hivyo kuliko ncha moja kuungua nje ya maji.

Tazama paketi. Ikiwa imeandikwa durum, yaani ngano ngumu, zitoe dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa. Tambi za ngano ya kawaida hulainika ghafla, kwa hiyo zianze kuzionja dakika nne kabla. Kata uzi mmoja kwa meno uutazame: katikati kuwe na nukta nyeupe ndogo kama kichwa cha sindano. Ikiwa nukta hiyo imeshapotea tambi ziko bado kwenye maji, zitapita kiasi zikifika kwenye mchuzi.

Kabla hujachuja, teka vikombe viwili vya maji hayo uweke pembeni. Mimina kama nusu kikombe kwenye mchuzi, zidisha moto, ingiza tambi, na uzigeuze kwa nguvu dakika mbili kwa uma mbili au koleo. Mwanzoni utaona majimaji yanayokutia wasiwasi. Endelea kugeuza. Yatazidi kuwa mazito, mng'ao wa mafuta utapotea, na rangi itageuka kutoka nyekundu kali hadi chungwa iliyopauka. Hapo mafuta na maji vimeshikana. Mchuzi ukikauka kabla tambi hazijaiva, ongeza maji ya tambi kidogo kidogo. Uwe mwepesi kuliko unavyoutaka mezani, kwa sababu tambi huendelea kunywa hata zikiwa kwenye sahani.

Zima moto. Sasa tuna, uliyemchuja na kumwachanisha kwa uma kuwa vipande vya ukubwa wa kucha ya kidole gumba, si zaidi. Geuza mara mbili tatu kutoka chini kwenda juu, funika dakika moja. Kamulia nusu ya ndimu, nyunyiza kotmiri, onja ndipo ufikirie chumvi. Kwa plati mbili kazi yote haizidi dakika thelathini.

Aina ya kopo inabadilisha mambo kidogo. Tuna wa maji ya chumvi mwage maji yake, hayana cha kukupa ila chumvi na harufu. Wa mafuta, onja mafuta yenyewe kwa ncha ya kijiko: yakiwa na ladha safi, kaangia vijiko viwili vyake badala ya mafuta mapya, kwa moto mdogo, yakiwa na harufu nzito, yamwage. Sadini wa mafuta, yale makopo bapa ya gramu 125, tumia matatu, na hawa hawataki nyanya. Kaanga kitunguu saumu na pilipili, ingiza tambi na maji yake, laza sadini juu moto ukiwa umezimwa, ndimu nyingi. Huko Sicily, kusini mwa Italia, tambi za sadini hunyunyiziwa makombo ya mkate yaliyokaangwa, na hilo linafaa sana kwetu: chukua vipande viwili vya mkate wa jana, uusage kwa mkono, ukaange kwa kijiko kimoja cha mafuta dakika nne hivi huku ukikoroga mpaka uwe wa dhahabu. Nyunyiza mezani, si kabla, ubaki mkavu. Jibini Waitaliano wengi hawaiweki kwenye tambi za samaki, na bei yake huku ilivyo, hujakosa kitu.

Samaki wa nyanya, makopo matatu ya gramu 155 au moja la gramu 425, watoe kwanza mmoja mmoja kwa kijiko uwalaze kwenye sahani. Rojo iliyobaki koponi ndiyo uimimine kwenye vitunguu, pamoja na nyanya mbivu mbili badala ya nne, na uache nyanya ya kopo. Samaki mpasue katikati, toa uti wa mgongo kama watoto hawaupendi (unalika, ni laini), kisha uwarudishe mwisho kabisa bila kukoroga. Tikisa sufuria tu.

Ukitaka ladha tofauti bila kazi ya ziada, fuata Wasomali, ambao suugo (mchuzi wa tambi) ya tuna kwao ni chakula cha kila siku tangu tambi zilipoingia na ukoloni wa Waitaliano. Tia nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba na robo ya hiliki iliyosagwa pamoja na kitunguu saumu. Wao huweka na ndizi mbivu pembeni ya sahani. Jaribu kabla hujakunja uso.

Tui linafaa, dada, ila lina masharti. Tumia tui zito mililita 200, uliingize baada ya nyanya kuiva, moto mdogo, na ukoroge mpaka lipate joto. Likichemka kwa fujo linakatika, na kwa mchuzi wa nyanya, wenye asidi tayari, linakatika upesi zaidi. Maji ya tambi yapunguze kuwa robo kikombe, na ndimu isiguse sufuria hata kidogo. Kila mtu ajikamulie sahanini. Tuna na vibua wanakubaliana na tui. Sadini wa mafuta hapana, inakuwa mafuta juu ya mafuta.

Siku gesi ikikuishia ukabaki na jiko moja la mkaa, pika yote kwenye sufuria moja pana. Kaanga vitunguu na nyanya kama kawaida, mimina maji ya moto lita moja na robo na chumvi kijiko kimoja cha chai, laza tambi zilizovunjwa, ukoroge kila dakika moja. Maji yanaisha tambi zikiwa zimeiva na mchuzi umeshika wenyewe. Kosa la njia hii ni kuacha kukoroga: chini zinaungua huku juu bado mbichi.

Mambo mawili ya usalama. Kopo lililovimba, linalovuja, au lililobonyea kwenye mshono usilifungue, litupe. Ila ukikuta ndani ya tuna chembe ngumu zinazong'aa mfano wa vigae vya chupa, usipige kelele bado. Aghalabu ni fuwele za struvite, madini yanayojitengeneza koponi kutoka kwa samaki mwenyewe, na hayana madhara. Ziweke kwenye siki au ndimu ya uvuguvugu: struvite huyeyuka baada ya dakika chache, kioo hakiyeyuki.

Samaki aliyebaki asilale koponi. Mhamishie kwenye chombo chenye mfuniko, friji, na aliwe ndani ya siku mbili. Asiye na friji afungue kopo linaloisha jioni hiyo hiyo, kwa sababu tuna na sadini wakikaa kwenye joto hujenga histamini, kemikali inayoweza kumdhuru mlaji, na hiyo haiondoki kwa kupikwa tena. Tambi zilizobaki kwenye friji zipashe kwenye kikaango kwa vijiko vitatu vya maji, umezifunika, mpaka zitoe mvuke kote.