Trela la boti kukusukuma ukifunga breki

Kaka, trela likikusukuma kila ukikanyaga breki, usikimbilie kubadili kidhibiti, kile kifaa cha ndani ya gari kinachopeleka umeme kwenye breki za trela. Pima kwanza umeme unaofika kwenye breki zenyewe: kila sumaku (kila breki ya umeme ina moja) huvuta takriban ampea 3, mbili 6. Ikisoma chini sana ya hapo, kagua waya wa hasi na plagi. Kwa trela linaloingia majini hapa Tanga, chumvi huanza hapo. Ukinunua kidhibiti kipya, chukua kinachohisi jinsi gari linavyopunguza mwendo. Kile kinachofuata muda tu hupandisha nguvu vilevile hata ukigusa breki kidogo, kwenye foleni kinakera.

Kukirekebisha: lami kavu, tambarare, kilomita 40 kwa saa, boti ikiwa juu. Bonyeza swichi ya mkono ya kidhibiti, ongeza nguvu mpaka tairi za trela zikaribie kujifunga, kisha punguza kidogo. Ukiishusha boti, punguza tena.