Mdogo wangu, usilipe hayo magunia manane ya mahindi

Usitume hiyo hela. Kama dalali ameshakupa namba ya kulipia, iache kwanza, soma hapa mpaka mwisho.

Kwenye swali lako umesema umehamia Dodoma kutoka Mwanza, nyumba ina watu sita, bajeti ya chakula ni laki nne kwa mwezi na inakata kabla ya tarehe 20. Ukauliza mambo manne: ununue magunia manane ya mahindi mapya sasa hivi, mwezi wa tano, kwa elfu 60 kila gunia, kwa mkopo wa kikoba, ili ule mwaka mzima, gesi au mkaa, watoto wabebe nini shuleni, na namna ya kugawana matumizi na shemeji. Wadau waliokujibu hapo juu karibu wote wamekupa hongera kwamba umeona mbali. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza hayo magunia utayaweka wapi.

Mimi nilifanya hicho hicho unachotaka kufanya, nyumbani kwangu Ipagala, mwezi wa tano kama huu, kwa mkopo kama huo. Ndiyo maana maandishi yako yamenichoma.

Suala la bei hawajakudanganya. Huku mvua ni msimu mmoja tu, inaanza Desemba hivi na kukata Aprili, kwa hiyo mahindi mapya yanaanza kuonekana Mei, bei inashuka mpaka Julai na Agosti, kisha inapanda kuanzia mwisho wa mwaka mpaka mashamba yatoe tena. Anayenunua nafaka Februari analia. Hilo kila mtu wa huku analijua, kuanzia mkulima wa Kongwa mpaka mama muuza uji wa Majengo. Shida ni kwamba ukweli huo mmoja ndio wanautumia kukuuzia mambo mengine matatu ambayo si kweli: kwamba mkopo unalipa, kwamba stoo ikijaa mahindi mlo upo, na kwamba mahindi ya Mei yako tayari kuhifadhiwa.

Chukua kalamu tupige hesabu ya mkopo. Magunia manane kwa elfu 60 ni 480,000. Kikoba chako umesema kinatoza asilimia 10 kwa mwezi, miezi mitano, na riba haipungui deni linapopungua. Hiyo ni 48,000 kila mwezi, jumla 240,000. Utakuwa umelipa 720,000, yaani gunia moja limekugharimu elfu 90, kabla hujaweka nauli ya kirikuu, kile kigari cha mizigo, na hela ya mashine. Sasa hiyo bei unayoikimbia ya Januari umeitaja mwenyewe: laki moja. Kwa hiyo faida yote unayoipigania ni elfu 10 kwa gunia. Likiharibika gunia moja tu kati ya hayo manane, yale saba yaliyobaki yamekugharimu kama elfu 103 kila moja. Umeshapita bei ya Januari, na Januari bado haijafika.

Na rejesho je? Ni 144,000 kila mwezi kutoka kwenye laki nne. Unabaki na 256,000 ya mafuta, sukari, maharage, dagaa, nyanya, vitunguu, chumvi, sabuni na nishati. Stoo imejaa mahindi na mfukoni hakuna hela ya nyanya. Mimi nilifika hapo. Nikaanza kuchukua vitu kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, anaandika kwenye daftari: mafuta ya kupima robo, sukari robo, mchele nusu kilo. Kila kitu kwa vipimo vidogo na bei ya dukani, wakati soko la Sabasaba ningenunua kwa bei ya sokoni kama ningekuwa na hela mkononi. Lile daftari lilikula zaidi ya kile nilichodhani nimeokoa kwenye unga. Gunia la mahindi si mlo, mdogo wangu. Linakupa ugali tu, na ugali unataka mboga kila siku ya Mungu.

Lakini yote hayo ni madogo. Lililoniumiza ni mahindi yenyewe.

Mahindi ya Mei mengi hayajakauka. Mkulima ana shida ya hela, ada inamdai, anavuna na kupukuchua upesi ili auze. Dalali wangu alichukua punje moja, akaing'ata, ikalia, akasema, "Mama, haya yamekauka mpaka yanaongea." Alichukua punje ya juu ya gunia, iliyopigwa jua mchana kutwa. Za katikati hakuzigusa. Nami nikaamini, kwa sababu yeye ndiye mwenye kazi hiyo. Watu mpaka leo wanasimama sokoni wanang'ata mahindi kama mbuzi na kutoa mamilioni yao kwa mlio wa punje. Meno hayapimi unyevu!

Nikayapanga kwenye chumba cha uani, sakafu ya simenti, yameegemea ukuta, dirisha nimelifunga nikiogopa panya. Baada ya muda nikaingiza mkono ndani ya gunia nikakuta joto. Nafaka yenye unyevu inapumua, inatoa joto na maji, na ukungu unapenda hapo hapo. Tulipolimwaga la kwanza, katikati punje zimeshikana mabonge, nyingine za kijani, nyingine nyeusi kwenye kiini, harufu ya uvundo imejaa chumba. Nikampigia dalali. Unajua aliniambia nini? "Chambua hayo mabaya, mengine koboa, sembe itatoka nyeupe tu." Watoto wangu wale hiyo sembe nyeupe!

Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu wewe si mzaliwa wa huku. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Ilikuwa huku huku kwetu, Chemba, Kondoa, Kiteto, familia zilizokula mahindi ya nyumbani mwao. Sumu hiyo inatengenezwa na ukungu, inashambulia ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Pika ugali mpaka ushike sufuria, sumu ipo. Kukoboa na kuchambua kunapunguza lakini hakuimalizi, na punje inaweza kuwa nayo huku macho yako yanaiona nzima. Kuwapa kuku nako si kuokoa kitu, maana inawadhuru na wao. Kwa hiyo yale yaliyoota ukungu niliyafukia, na rejesho la kikoba nikaendelea kulilipa kwa ajili ya mahindi yaliyo chini ya ardhi. Nililia, na sioni aibu kusema.

Magunia yaliyopona ukungu yakaingiliwa na dumuzi. Kama hukuwahi kumwona, ni kamdudu kadogo keusi kanakotoboa hata mbao, sembuse punje. Tabora, alikoanzia kuonekana nchini, watu walimpa jina la Scania. Ukisikia gunia linanguruma kwa ndani na unga unadondoka chini, ujue ameshakula sehemu yake.

Sasa huyo aliyewafundisha nyote hii habari ya "nunua jumla, okoa nusu ya bajeti". Ni mmoja wa hawa washauri wa uchumi wa nyumbani wa kwenye makundi ya simu. Simtaji, lakini mafundisho yake nayajua kwa moyo kwa sababu niliyalipia: andika mahitaji ya mwaka, kopa, nunua wakati wa mavuno, lala usingizi. Hakuna ukurasa hata mmoja unaosema unyevu, hakuna chaga za kuinua magunia sakafuni, hakuna dumuzi. Mtu anayeishi kwa kununua unga wa kilo mbili mbili supamaketi anawafundisha watu wa Dodoma kuhifadhi nafaka! Nilipomwandikia kilichonipata, akanijibu kwamba sikuwa na nidhamu ya bajeti. Nidhamu gani inakausha mahindi? Nina hasira naye mpaka leo, na nimeona maneno yake yale yale kwenye swali lako, neno kwa neno.

Kwa hiyo nakupa jambo moja tu, na ukisahau mengine yote lishike hili: usinunue gunia lolote kabla ya kujua litakaa wapi, litaliwa lini, na hela yake iwe tayari mkononi. Likikosa moja kati ya hayo matatu, nunua debe. Likikosa mawili, nunua unga wa wiki na uendelee na maisha yako.

Kupima unyevu hakutaki mtambo. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, na kiganja cha chumvi ambayo umeianika juani mpaka imekauka. Weka mahindi yafike theluthi ya chupa, tia chumvi, funga, tikisa dakika kadhaa, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu, usiyaguse au panga kuyaanika. Ikianguka yote chini, hapo mnaweza kuongea bei. Punje uzitoe katikati ya gunia na chini, si juu alikozipanga dalali. Wafanyabiashara wakubwa wana vipima unyevu, omba wapime mbele yako. Kiwango cha mahindi ya kuhifadhi ni kisichozidi asilimia 13.5. Na nunua kwa mizani, kwa sababu mahindi mabichi unanunua maji. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, ukizikausha mpaka 13, zinabaki kama kilo 94. Kwenye magunia manane umelipia karibu nusu gunia la maji.

Mimi siku hizi Mei sinunui. Nasubiri Julai au Agosti, bei bado iko chini na jua la Dodoma limeshafanya kazi yake. Kila mwezi natoa kiasi kidogo kwenye hela ya chakula nakiweka pembeni kwa ajili ya nafaka, na nikifika msimu nanunua kwa hela hiyo tu, hata kama inatosha magunia mawili. Nayaanika tena kwenye turubai, si chini kwenye vumbi. Kisha naweka kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa nje wa kawaida. Unakamua hewa, unafunga kila tabaka peke yake, unaweka juu ya chaga mbali na ukuta. Dumuzi anakosa hewa anakufa, na dawa huhitaji. Lakini usije ukadhani mfuko huo unaponya mahindi mabichi. Ukifungia unyevu humo umefungia uozo.

Mfuko wa kula nautenga. Sifungui mfuko mkubwa kila siku kuchota, hewa ikiingia wadudu nao wanafufuka. Nikiufungua nausaga debe kwa debe. Na kama mnakula dona, msisage nyingi, kiini kina mafuta, unga ukikaa sana unakuwa mchungu na watoto wataanza kusumbua mezani. Jambo jingine ambalo hakuna anayekwambia: stoo ikijaa, mkono wa nyumba nzima unalegea. Mgeni anaondoka na debe, jirani anakopa kisado, ugali unabaki kwenye sufuria kwa sababu "si upo". Mimi mfuko wa kula ndio unaoonekana jikoni, mingine imefungwa na ufunguo ninao mimi.

Mboga nunua kwa wiki. Nenda sokoni na hela ya wiki hiyo tu, nyingine iache nyumbani. Mchicha msimu wa ukame unapanda sana huku, kwa hiyo jifunze mlenda wa kukausha kutoka kwa majirani zako Wagogo, ni mboga ya maana, inakaa, na watoto wanaizoea upesi kuliko unavyofikiri. Dagaa waambie ndugu zako wakutumie kwa basi, wewe wa Mwanza utanunuaje dagaa wa huku kwa vifungu!

Gesi au mkaa: maharage yaloweke usiku kucha, halafu ndiyo tuongee kuhusu gesi. Ya shule na ya shemeji nayo yasubiri. Kwa sasa ninachokiogopa ni hayo magunia.

Kikoba waambie umeghairi. Watanuna wiki moja. Kama tayari umechukua mkopo, rudisha leo, hata kama watakukata riba ya mwezi mmoja. Hiyo ni 48,000, na nitakuwa wa kwanza kukwambia umeponea. Na dalali akipiga usiku kusema mzigo unaisha, kuna mteja wa Dar anautaka wote, mwambie amuuzie huyo wa Dar. Kama kweli anakutaka wewe, akusubiri mpaka Julai, uje na mizani na chupa yako ya chumvi, na akufungulie gunia la katikati, siyo lile aliloliweka mlangoni.