Profesa Hatafuti Yatima, Anatafuta Mfanyakazi

Wadogo zangu wa fizikia, materiali na uhandisi, nimeletewa tena rundo la barua za maombi ya uzamivu (PhD) Ulaya nizipitie. Zote zinaanza na umaskini, kisha "tangu utotoni nimeipenda sayansi". Haya, tukae chini.

1. Nafasi ya uzamivu Ujerumani, Uholanzi au Sweden mara nyingi ni ajira: ina mkataba, mshahara na makato ya kodi. Tangazo la Ujerumani likisema TV-L E13 (daraja la mshahara wa watumishi wa majimbo), asilimia 65, jua kilichopunguzwa ni mshahara. Kwenye maabara utashinda kama wenzako. Kwa hiyo mwambie profesa unaweza kazi gani. "Nilitengeneza filamu nyembamba za oksidi ya zinki, nikazipima kwa XRD (kipimo cha mionzi ya eksirei kinachoonyesha mpangilio wa atomi), zilipopasuka nikagundua tanuru lilikuwa linapanda joto haraka mno." Sentensi hiyo moja inamtosha kukuita kwenye usaili.

2. Soma masharti kabla hujasoma mada. Hili limenitoa machozi, acheni niseme. Nilikuwa nimemaliza uzamili Ujerumani, likatoka tangazo la uzamivu kuhusu betri la mtandao wa Marie Skłodowska-Curie, yaani kundi la vyuo vya nchi mbalimbali linalolipiwa na Umoja wa Ulaya, na nafasi moja ilikuwa jengo la jirani. Wasimamizi wananijua, mashine nazijua mpaka tabia zake. Usaili ukaenda vizuri, nikapiga simu nyumbani. Mama, bila kuniuliza, akatoa shukrani kanisani.

Kisha mtu wa utawala akaniandikia swali fupi: unaishi nchi hii tangu lini? Programu ile haitaki mtu aliyeishi, kusoma au kufanya kazi kwenye nchi ya mwajiri zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Likizo haihesabiwi, lakini uzamili wangu wa miaka miwili ulihesabika wote. Profesa alijaribu kunitetea, akaambiwa fedha ni za Umoja wa Ulaya. Kinachonichoma mpaka leo ni kwamba mtandao uleule ulikuwa na nafasi Ufaransa na Uholanzi, ambako sharti hilo lisingenigusa. Sikuziomba kwa sababu nilikuwa na chumba kizuri na sikutaka kuhama! Dirisha lilikuwa limeshafungwa. Na akina mama wa kanisani waliendelea kuuliza naanza kazi lini, mpaka nikaanza kukwepa simu za nyumbani.

Sharti lenyewe limeandikwa kwenye tangazo, wala si kwa maandishi madogo. Na bado wiki hii kuna kijana aliyesoma Ufaransa kaniletea ombi la Ufaransa. Nilimrudishia bila kusahihisha hata nukta.

3. Mdhamini anaombwa ruhusa mapema, siyo usiku wa mwisho.

4. Hesabu zikikusumbua, usikimbilie uzamivu. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, alichokianzisha mwanafizikia wa Pakistan Abdus Salam mwaka 1964, ina diploma ya mwaka mmoja ya kuwapika vijana wa nchi zetu, na gharama wanabeba wao. Tawi lake la Afrika Mashariki, EAIFR, liko Kigali, Chuo Kikuu cha Rwanda, na lina uzamili wa fizikia. Kuna anayeniambia Kigali ni karibu mno, yeye anataka "nje". Huyo nimemwambia apande basi la Rusumo, akifika mpakani atagongewa muhuri kama wenzake.